Nilivyotia soda kali kwenye mtungi wa majivu wa mama yangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, pamoja na wale mnaosoma mkiwa ofisini mmekunja uso kama mna kazi.

Humu ndani mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Wanaonifahamu wananifahamu kwa ubishi wa mpira na kwa maswali yangu yasiyoisha kuhusu mapipa na mabomba. Leo sibishani na mtu.

Nataka kusimulia jambo lililotokea kwetu Kamembe, wilaya ya Rusizi, Rwanda, pale unapovuka daraja tu uko Bukavu. Ni mwaka ule vita vya pili vya Congo vilipoanza. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mtu mzima mwenye ndevu zake, kwa hiyo sina kisingizio cha utoto. Sitaongeza chumvi hata punje.

Ni habari ya kazi ya kutia rangi vitambaa, ya majivu, na ya mama yangu mzazi. Mama aliondoka duniani akiamini jambo ambalo si kweli. Aliyekuwa na ukweli ni mimi, na sikumpa.

Kiswahili changu ni cha kule, nimekinyoosha kidogo kwa ajili yenu. Watu wangu wakiongea nitawaacha waongee walivyozoea. Watani wangu wa pwani, vumilieni.

Twende sasa.

Mama yangu tulimwita Maman Mariamu, kwa jina la dada yangu Mariamu ambaye ni kifungua mimba wake. Mimi ni Issa, wa pili na wa mwisho. Mzee wetu alifariki tukiwa wadogo. Sisi ni Waislamu wa Kamembe, watu wa cherehani na biashara za mkononi, na Kiswahili ndicho tulichozaliwa nacho.

Bibi yangu mzaa mama alitoka upande wa Maniema huko Congo, na alipokuja Kamembe na mume wake alikuja na ufundi wa nili. Nili ni ile rangi ya bluu inayotoka kwenye majani. Bibi akamfundisha mama, mama akaifanya kuwa kazi ya nyumba nzima.

Nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa kosa langu.

Majani ya nili unayaloweka siku kadhaa mpaka yaoze. Halafu unaongeza maji ya majivu, na ndizi zilizoiva sana za kuilisha ile rangi. Ndiyo, rangi inalishwa. Ikishapata nguvu inatoa povu la bluu juu na harufu ambayo mpaka leo mke wangu ananifulia nguo akiwa amefunga pua.

Kitambaa kinaingia humo cheupe, kinatoka kijani, halafu ukikitandaza kwenye hewa kinageuka bluu mbele ya macho yako. Wateja walikuwa wanakuja kuangalia hilo tu, wengine hata hawanunui.

Majivu yetu hayakuwa ya kuni. Kuni zenyewe zingetoka wapi? Miaka ile milima yetu ilikuwa imenyolewa. Wakimbizi wengi walikuwa wamepita na masufuria na njaa zao, wakienda na wakirudi, na kila aliyepita alikata alichokuta. Mama hakutaka kuongeza mkono wake kwenye hilo. Alikuwa anachukua mabua na maganda ya maharage kwa kina mama wakulima wa Giheke, si mbali na kwetu, baada ya mavuno, anaongeza majani makavu ya migomba, anachoma taratibu, anachekecha.

Majivu yanawekwa kwenye chungu chenye tundu chini, unamimina maji juu, yanachuruzika polepole kwenye mtungi. Ule mtungi ulikaa kando ya mlango wa jikoni. Ulikuwa wa udongo, mdomo wake umekwanguka upande mmoja, na tangu enzi za bibi haukuwahi kuingizwa kitu kingine zaidi ya maji ya majivu.

Sasa, unajuaje maji ya majivu yamefikia ukali unaotakiwa? Leo mtu angetafuta kipimo dukani. Mama alikuwa na ulimi.

Anachota kidogo kwenye kiganja, anavuta mdomoni, anafumba macho, anatema. Halafu anasema neno moja tu. "Bado." Au, "Sasa."

Bibi alifanya hivyo, na mama wa bibi pia. Si sumu, maji ya majivu yakiwa ya kiasi yanauma ulimi kidogo na kuacha utelezi, basi. Na ule ulimi haukuwahi kukosea. Mama alijivunia ulimi wake kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Alikuwa hali pilipili wala chai ya moto, eti asiuharibu. Sisi tukimtania anatujibu kwamba sisi tunavaa viatu vilivyotoka kwenye huo ulimi.

Jambo lingine kabla sijasahau. Hakuna kilichotupwa. Pipa la rangi liliishi miezi, na masalia ya majani yakishakwisha kazi yalienda bustanini kwa Maman Furaha, jirani yetu aliyelima bondeni chini ya kiwanja chetu. Huyu alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Congo, Mkristo, alirudi Rwanda baada ya vita vya tisini na nne na mabinti zake wawili, akapata kipande kile cha bonde akapanda lengalenga, nyie mnaita mchicha. Yeye na mama walikuwa wanapiga soga juu ya ua kila asubuhi mpaka uji unaungua.

Haya mambo leo yanafundishwa kwenye semina, kuna hadi watu wanalipwa posho kwa kuyasikiliza. Mama aliyafanya kwa sababu chini yetu kuna watu, kwisha.

Sasa nije kwangu.

Alikuja mfanyabiashara wa Bukavu na oda ya bazin, vile vitambaa vinavyong'aa, kwa ajili ya harusi kubwa. Alitaka bluu iliyokolea na alitaka haraka. Mimi ndiye niliyepokea oda, mama hakuwepo. Nikasema itawezekana. Nilipenda sana kusema itawezekana siku zile.

Tatizo, majivu yalikuwa yamekwisha. Maharage yalikuwa bado shambani. Kwenye mtungi kulikuwa kumebaki maji kidogo ya mwisho.

Nikamwambia mama tununue soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Bukavu ilikuwa imejaa tele. Unaiyeyusha, saa hiyo hiyo una maji makali kuliko majivu ya gunia zima.

Mama alikuwa anafunga fundo kwenye kitambaa, hakuinua hata kichwa.

"Ile kintu inakula mikono ya bantu, Issa. Na mayi yake tutamwanga wapi? Ku kichwa ya Maman Furaha?"

"Maman, kidogo tu. Oda moja."

"Hapana. Tutangoja maharagi."

Ikawa imeisha. Kwake yeye.

Siku mbili baadaye nikavuka daraja nikarudi na kopo la soda kwenye mfuko wa nguo. Nilijua kabisa kwamba nimekatazwa. Nilijiambia akiona bluu ile atafurahi na atasahau.

Siku yenyewe mama alikwenda kwenye matanga mtaa wa pili. Nikajua atakaa huko mpaka alasiri. Nikatoa kopo.

Kwanza nikaiyeyusha kwenye sufuria ya aluminiamu. Kumbe soda na aluminiamu haviivani. Sufuria ilianza kuchemka bila moto, ikageuka nyeusi, ikatoa moshi unaokata pumzi. Nikaimwaga kwenye mtaro nikihema. Nikajaribu beseni la plastiki, nalo likapata joto mpaka likalegea mkononi.

Nikatazama huku na huku. Chombo kilichobaki chenye uwezo wa kuhimili kilikuwa ni mtungi wa mama.

Nikayeyusha soda humo humo, juu ya yale maji ya majivu yaliyobaki.

Hapa ndipo pananiuma zaidi kuliko pote. Maji ya soda ni meupe, hayana rangi. Maji ya majivu yana rangi ya chai nyepesi, na yangu yalikuwa yamepauka. Nikajua mama akichungulia tu atagundua. Kwa hiyo nikachukua mavumbi ya majivu yaliyobaki chini ya chungu, viganja viwili, nikakoroga mpaka yakafanana na yale anayoyajua.

Niliyafananisha kwa makusudi. Ningeyaacha meupe, mama asingeyaonja kamwe.

Adhana ya adhuhuri ikapigwa. Nikafunika mtungi, nikaenda kuswali. Nilipanga nikirudi niyahamishie kwenye pipa kabla hajatoka msibani.

Mama alitoka msibani mapema. Nilikuja kuambiwa alijisikia kuchoka.

Niliporudi nilimkuta ameinama kando ya mtungi, mkono mmoja ukutani. Mdomo wake ulikuwa unatoka ute na maji. Alikuwa amechota aonje kama desturi yake, na viganja vyake vilikuwa vigumu kwa miaka ya kazi, havikumwonya kitu. Na soda haina haraka, inateleza kwanza mdomoni ndipo inauma. Kwa mshtuko akameza badala ya kutema.

Alinitazama. Akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Imekuwa kali."

Nikamletea maji. Jirani mmoja akaleta maziwa. Nikamnywesha yote mawili.

Mama akaendelea kueleza, akipumzika kila baada ya neno. "Ni miye. Niliiacha siku mingi. Ilikauka, ikakuwa kali."

Alikuwa amejipatia maelezo mwenyewe. Alidhani maji ya majivu yaliyobaki yalikauka na kuwa mazito kwa kusahauliwa kwake. Maelezo yalikuwa yamenyooka, yanaingia akilini.

Nikayachukua.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza amekunywa nini. Nikajibu mimi, maji ya majivu. Akauliza tena, majivu tu? Nikasema majivu tu, ni dawa ya rangi, anaonja kila siku. Wakamtibu kama mtu aliyekunywa majivu. Sina lawama nao hata kidogo, walitibu nilichowaambia.

Tuliporudi nyumbani nikasubiri apate usingizi, nikamwaga mtungi wote kwenye mtaro. Ule mtaro unateremka bondeni. Sikuwaza hata sekunde moja kwamba unateremka bondeni.

Asubuhi ya pili Maman Furaha alikuja kumjulia hali mama. Alikaa naye, akamwombea kwa njia yake. Wakati wa kutoka akaniita pembeni ya ua. Mkononi alikuwa na mche wa lengalenga ulioungua, majani yameviringika na kuwa meusi. Matuta mawili mazima yaliyo karibu na mtaro yalikuwa hivyo hivyo.

"Issa, mama yako amelamba nini?"

"Mayi ya majivu."

Akauzungusha ule mche mkononi.

"Mwaka tatu minachukua takataka ya kazi yenu, minaweka ku bustani. Majivu haiuaka lengalenga, mutoto yangu."

Alinisubiri, wakuu. Alisimama pale muda mrefu akinipa nafasi. Kisha akaondoka, na hakuniuliza tena maisha yake yote. Nadhani alidhani nitamwambia mama kwanza, kwa wakati wangu. Mtu mwema hufikiria wenzake watafanya kama yeye.

Mama alipoweza kunong'ona, kitu cha kwanza alichoniagiza ni kwenda kumwomba Maman Furaha radhi kwa mboga zake. Alikuwa amesikia, na yeye aliamini ni yale maji yake. Nikaenda. Nikaomba radhi kwa niaba ya mama, mbele ya mtu aliyejua nafanya nini.

Wiki zikapita. Vidonda vya mdomoni vikapona, lakini koo likaanza kujifunga. Kwanza ugali ukashindikana. Baadaye viazi. Baadaye uji mzito. Akimeza anashika kifua na machozi yanamtoka, halafu anajaribu kunicheka usoni ili nisiogope.

Dada yangu Mariamu alikuwa ameolewa Bukavu. Akampeleka kwa daktari wa huko aliyekuwa na mipira ya kupanua njia ya chakula. Unapanuliwa, unakula wiki mbili tatu, inajifunga, unarudi. Daktari alisema ikifanyika kwa utaratibu miezi mingi, koo linaweza kutulia.

Aliuliza na yeye. "Hii si kazi ya majivu. Alikunywa nini?" Alikuwa ananitazama mimi.

Mama akajibu kabla yangu, kwa ishara na kwa kile kisauti, kwamba ni majivu, ni kosa lake. Mariamu akamshika bega akasema, "Maman, weye mwenyewe miaka yote hii! Vipi usahau?" Alisema kwa uchungu wala si kwa ubaya. Mama akainamisha kichwa kama mwanafunzi.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka hapo.

Baada ya kupanuliwa mara ya kwanza alipata nafuu kweli. Maharage yakavunwa. Kina mama wa Giheke wakaleta mabua, mama akataka kurudi kazini. Nilichoma majivu mwenyewe, nikachuruzisha, nikajaza mtungi niliokuwa nimeusugua kwa mchanga mpaka mikono ikatoka damu.

Mama akaja, akasimama juu ya mtungi. Nikadhani ataingiza kiganja. Hakuingiza.

"Uniletee yayi."

Nikamletea yai bichi. Akaliweka taratibu juu ya maji. Likazama. Akaniambia niyapitishe tena kwenye majivu. Mara ya pili likaelea, kipande kidogo cha ganda kikachungulia juu. Akaitikia kwa kichwa, kwamba hapo ndipo. Alikuwa amejifunza kwa wapika sabuni wa Bukavu, wakati wa kungoja kwa daktari.

Nikamuuliza, mjinga mimi, kwa nini asionje kidogo tu kwa ncha ya kidole, mimi nimeshaonja ni salama.

"Hapana. Ulimi yangu ilinidanganya. Siiamini tena."

Miaka arobaini ya ufundi. Ule ulimi haukuwa umedanganya hata siku moja. Aliyedanganya alikuwa amesimama mbele yake, ameshika yai la akiba.

Wakuu, nilifungua mdomo. Nakumbuka nilifungua mdomo. Nikamwambia yai limekaa vizuri.

Mwezi wa nane vita vikaanza upande wa pili. Tuliona watu kwenye daraja, halafu tukaona daraja limefungwa. Mama alikuwa amebakisha siku nne arudi kwa daktari.

Siku nne zikawa wiki. Kila asubuhi nilikwenda mpakani, narudi na jibu lile lile. Upande wetu hapakuwa na mtu mwenye ile mipira. Koo likaendelea kujifunga. Ikawa maziwa kwa kijiko, halafu maji ya sukari kwa tone.

Mpaka ulipofunguliwa Mariamu alikuja mbio, na habari kwamba daktari amekwisha ondoka Bukavu na hakuna anayejua alikokwenda. Akabaki nasi kumuuguza.

Mama alikuwa amebaki mifupa na macho. Lakini utani hakuuacha. Mfungo ulikuwa unakaribia, akatuambia kwa kunong'ona, "Mwaka huu miye njo nitafunga bila taabu." Mariamu akatoka nje kulia. Mimi nikakaa.

Nilikuwa na siku kama kumi hivi za mwisho, mimi na yeye mara nyingi tukiwa wawili tu chumbani. Masikio yake yalikuwa mazima. Kila nikianza, nafsi inaniambia usimwongezee mgonjwa mzigo. Nikaiita huruma. Ilikuwa woga, sasa nauita kwa jina lake.

Alifariki mwezi wa Ramadhani ukiwa haujaandama. Mungu amrehemu.

Baada ya hapo niliiendeleza kazi. Soda kali haijakanyaga kiwanja changu tena. Majivu ya maharage, nili, ndizi. Nimechimba shimo la kuchuja maji ya kusuuzia, mchanga chini, mkaa katikati, mafunjo juu, yanatoka bondeni yakiwa safi kiasi kwamba mabinti wa Maman Furaha wanamwagilia. Juu ya bati nina mapipa meusi yanayopasha maji kwa jua, kuni sinunui. Sasa mnajua asili ya yale maswali yangu ya mabomba.

Wageni huja kupiga picha. Wananiita rafiki wa mazingira. Wakiuliza nani alinifundisha nasema mama, na wakiuliza kwa nini situmii kemikali nasema tunajali ardhi. Yote mawili ni kweli, ndiyo maana yananitafuna.

Sasa kilichonileta humu leo.

Halima, binti wa Mariamu, ndiye ninayefanya naye kazi siku hizi, na kwa kweli amenipita. Yanakuja maonyesho ya mafundi wadogo pale Kamembe na kila mmoja ametakiwa kubandika karatasi kubwa yenye historia yake. Halima akaandika historia yetu. Wiki iliyopita akaniletea.

"Noko," ndivyo wanavyomwita mjomba, "uangalie kama iko muzuri. Minapeleka kesho ku imprimerie, baichape."

Iko nzuri sana. Ameandika habari za bibi wa Maniema, majivu, shimo la kuchuja. Halafu nikafika mstari huu: "Mwanzilishi wetu Maman Mariamu alikosea kipimo cha maji ya majivu, akaungua koo. Kutokana na kosa lake tukaanza kutumia yai."

Nikausoma mara tatu. Nikachukua kalamu nikaufuta.

"Juu ya nini, noko? Si njo vile maman yangu anatuelezaka?"

Nikamwambia asipeleke kwanza. Nikatoka nje nikampigia Mariamu Bukavu.

Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyowaeleza nyinyi. Kopo, sufuria, mtungi, viganja viwili vya majivu. Hakunikatiza.

Nilipomaliza akasema hivi, nayanukuu kama alivyoyatamka:

"Issa. Siku tatu mbele ya kufa, maman aliniomba pardon. Alisema nimusamehe, juu alijiunguza kwa uzembe, akatutesa sisi batoto bake. Alilia. Na miye nilimwambia, maman, nimekusamehe."

Halafu akauliza:

"Nilimusamehe nini, Issa?"

Akakata simu. Nimempigia kila siku tangu hapo, hapokei. Halima nimemweleza pia, amechukua siku chache za kukaa kwa mama yake. Karatasi iko mezani kwangu, na mahali pa ule mstari nimeandika kwa mkono wangu kwamba Maman Mariamu hakukosea, maji yale hayakuwa yake, aliyeyatia ni mwanawe Issa. Itachapishwa hivyo hivyo, wageni wapige picha na hilo.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenichukua muda mrefu. Wenye viwanda vidogo vya nyumbani, chombo cha kazi moja kiacheni na kazi yake, na kemikali iandikeni jina hata kama wanaojua kusoma nyumbani ni nyinyi peke yenu. Mkikatazwa kitu na mtu aliyeifanya kazi miaka arobaini, isikilizeni sababu yake kabla ya kuvuka daraja. Na mkishakosea, semeni siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna dawa inayotegemea jibu lenu.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kunishauri namna ya kumfikia dada yangu nitamsikiliza. Mwenye kunitukana pia nitamsoma mpaka mwisho, sitabisha kama kwenye mpira.

Nawaomba kitu kimoja. Msiniandikie kwamba mama alishanisamehe huko aliko. Mama hakuwahi kujua kwamba kuna kitu cha kunisamehe.